Nani Alipanua Vyumba vya Bastola Hii?

Bastola ya Smith & Wesson iliyotengenezwa kwa ajili ya Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia imegongwa maneno "38 S. & W. CTG." upande wa kulia wa mtutu. Hayo ndiyo maelekezo ya kiwanda: ilishwe risasi ya .38 S&W, ambayo ni fupi na nene kidogo. Sasa fundi silaha anachukua ganda tupu la .38 Special, lililo refu zaidi na jembamba zaidi, analitia katika chumba kimoja cha silinda, nalo linazama lote mpaka kwenye ukingo wake. Halikupaswa kuzama. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29 na ushei, na chumba kilichochongwa kwa ajili ya .38 S&W huanza kubana kwenye milimita 20 hivi. Likizama lote, jibu ni moja tu: baada ya bastola kutoka kiwandani, kuna mtu aliyeingiza kekee katika vyumba vyote sita akavirefusha.

Familia iliyoachiwa bastola ya aina hiyo na babu au mjomba inapaswa kulijua jambo hilo kabla ya kuuliza bei, na kabla ya mtu yeyote kushika kitambaa na mafuta. Ndilo linaloamua kama silaha inaweza kufyatuliwa bila kumdhuru mtu, na ndilo linaloamua wakusanyaji watailipa nini. Nimeichagua bastola hii, iitwayo Victory, kwa sababu ni mojawapo ya rivolva za zamani zinazokutwa mara nyingi katika mali za marehemu huko Marekani, na kwa sababu kazi iliyofanywa juu yake baada ya vita inaonekana wazi kwenye chuma kwa yeyote mwenye tochi na subira.

Sheria kwanza, maana hakuna uchunguzi wa silaha nje ya sheria. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kibali ni cha mtu aliyepewa. Hakirithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Mwenye kibali akifariki, wafiwa wawataarifu polisi na silaha ikae mikononi mwa polisi mpaka mrithi apate kibali chake au ishughulikiwe vinginevyo kisheria. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za aina hii mikononi mwa raia mwaka 1997. Marekani mlango ni mpana zaidi: sheria ya shirikisho inaruhusu silaha ya mirathi kumfikia mrithi aliye katika jimbo jingine, jambo ambalo kwa kuuziana kati ya raia wawili haliruhusiwi. Hata hivyo kuna watu waliokatazwa kabisa kumiliki silaha, na mgeni aliyeko huko kwa viza ya muda ni mmoja wao, isipokuwa kwa vighairi vichache. Ndugu zetu walioko Minnesota au Texas kwa viza ya masomo, ambao wameoana na familia za huko, wamwone wakili kabla ya kuipokea silaha.

Tuirudie bastola yenyewe. Smith & Wesson, kiwanda cha Springfield, Massachusetts, kilikuwa kikitengeneza rivolva ya Military & Police tangu mwaka 1899, nayo ilikuwa ya .38 Special. Vita vilipoanza, serikali ya Uingereza ilikitangulizia kiwanda hicho dola milioni 1 ili kitengeneze bunduki nyepesi ya milimita 9. Bunduki ile ilishindwa majaribio, haikustahimili risasi za Waingereza. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika, na kiwanda hakikuwa na uwezo wa kuzirudisha. Suluhisho likawa kulipa deni kwa bastola. Waingereza walikuwa na risasi yao ya kijeshi, .38/200: ganda lake ni lile lile la .38 S&W, na kichwa chake cha risasi kilikuwa na uzito wa greni 200, yaani karibu gramu 13. Basi fremu ya Military & Police ikabaki vile vile, ila vyumba na mtutu vikachongwa upya kuifuata risasi hiyo.

Uamuzi huo wa kiwandani ndio uliozaa shida yote iliyofuata. Mwili mmoja ukawa na ndugu wawili wanaofanana sura: mmoja wa .38/200 kwa ajili ya Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, mwingine wa .38 Special aliyebaki Marekani kwa jeshi la majini na walinzi wa viwanda. Mwaka 1942 namba za mfululizo zilifika milioni moja, kiwanda kikaanza kuhesabu upya kwa herufi V mbele ya namba, V ya ushindi, ndipo jina Victory lilipotoka. Waingereza na washirika wao walipokea zaidi ya nusu milioni za aina yao.

Vita vilipokwisha, shehena hizo zikawa ziada. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya chini wakazirudisha Marekani, ambako risasi ya .38 S&W ilikuwa inapitwa na wakati na .38 Special ilikuwa katika kila duka. Mnunuzi alitaka bastola ya .38 Special, fupi, inayong'aa. Akapewa. Karakana zilikata mitutu ya inchi 5 ikawa ya inchi 2 au 3, zikapaka nikeli, na zikarefusha vyumba. Majina ya wafanyabiashara wa silaha wa Uingereza, Cogswell & Harrison na Parker-Hale yanaonekana kwenye baadhi ya bastola zilizopita katika biashara hiyo. Katika soko la wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Ila kiufundi kazi ile ilikuwa na kasoro ambayo hakuna kekee ingeweza kuiondoa.

Kasoro ni hii. Kekee hupanua, haipunguzi. Ganda la .38 S&W lina unene wa milimita 9.8 hivi, la .38 Special lina milimita 9.6 na kidogo. Chumba kilipochongwa kiwandani kilikatwa kwa unene wa ganda nene. Fundi wa baada ya vita alirefusha sehemu ya mbele ili ganda refu lipate nafasi, lakini sehemu ya nyuma, ile milimita 20 ya mwanzo, ilibaki pana vile vile. Ganda la .38 Special likiwekwa humo linacheza. Baruti inapolipuka, shaba ya ganda inasukumwa nje mpaka ikutane na ukuta wa chumba, na kwa kuwa ukuta uko mbali kuliko ilivyokusudiwa, ganda linavimba tumboni, na mara nyingine linapasuka kwa urefu. Gesi ya moto inatoka mahali isipotakiwa, karibu na mkono na macho ya mfyatuaji.

Hapo hapo risasi yenyewe ni nyembamba kuliko mtutu. Mtutu wa .38/200 ulichongwa kwa risasi ya inchi .361, ile ya .38 Special ni inchi .358 au pungufu, basi haishiki mifereji ya ndani sawasawa na shabaha inayumba. Halafu kuna nguvu ya msukumo. Kiwango cha juu kinachokubalika viwandani Marekani kwa .38 S&W ni pauni 14,500 kwa inchi ya mraba, kwa .38 Special ni 17,000. Fremu ni ile ile iliyobeba .38 Special tangu 1899, kwa hiyo sihofii fremu kupasuka kwa risasi ya kawaida. Ninachohofia ni ganda. Bastola iliyorefushwa vyumba isifyatuliwe .38 Special hata kama imefyatuliwa hivyo kwa miaka mingi na babu hakupata hata mkwaruzo. Wala kurudi kwenye .38 S&W hakurudishi kila kitu, kwa maana njia ya mbele ya chumba iliyokuwa ikiielekeza risasi fupi imekwisha kupanuliwa.

Kuiona kazi hiyo hakuhitaji mashine. Bastola ikiwa imethibitishwa na fundi kuwa haina risasi, silinda ikiwa nje, elekeza mwanga wa tochi kutoka mbele na utazame chumba kutoka nyuma. Chumba cha asili cha .38 S&W kina ngazi moja: ukuta unashuka laini kwa milimita 20 hivi, kisha unabana ghafla kuingia kwenye njia nyembamba ya risasi. Chumba kilichorefushwa kina ngazi mbili. Ya kwanza iko pale pale pa zamani, hafifu, kama pete isiyokolea. Ya pili iko mbele zaidi, kwenye milimita 29. Mara nyingi chuma kati ya ngazi hizo mbili kinang'aa tofauti na kile cha nyuma, kwa sababu kilikatwa miaka ya baadaye kwa kekee nyingine. Pitia vyumba vyote sita.

Kisha soma chapa za upimaji. Silaha iliyouzwa kutoka jeshini kwenda kwa raia Uingereza ililazimika kupita nyumba ya upimaji, ya London au ya Birmingham, na kila chumba cha silinda kikagongwa muhuri wa taji na herufi. Kwenye mtutu huandikwa pia kipimo. Ukikuta ".38 .767" na tani 3½, bastola ilipimwa kwa ganda la inchi .767, yaani .38 S&W, na wakati wa kupimwa vyumba vilikuwa vya asili. Ikiwa leo vyumba vya bastola hiyo vinameza ganda refu, basi vilirefushwa baada ya kupimwa, na chapa hiyo haivithibitishi katika hali hiyo. Maneno "NOT ENGLISH MAKE" nayo ni ya huko huko, hayamaanishi bastola ni ya bandia.

Mtutu uliokatwa unajisema wenyewe. Kilengeo cha mbele cha kiwanda ni nusu duara iliyo sehemu ya mtutu. Cha karakana kimeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea au skrubu, na mstari wa kiungo huonekana kwa kioo cha kukuza. Mtutu wa asili una kishikizo chini yake kinachoifunga ncha ya fito ya kutolea maganda. Ukikatwa mfupi mno, kishikizo hicho kinapotea na fito inabaki ikining'inia hewani. Maandishi ya ubavuni nayo hayakai tena katikati. Urefu wa mtutu wa rivolva hupimwa kuanzia uso wa mbele wa silinda mpaka mdomoni, si kuanzia pale mtutu unapoanza kuonekana nje ya fremu.

Watu wengi hukwama kwenye namba. Mrithi hufungua silinda, huona namba kwenye shingo ya mkono unaoibeba, na kuiandika kwenye barua kwa mthamini. Hiyo ni namba ya kuunganishia vipande kiwandani, haina habari yoyote. Namba ya mfululizo iko kwenye kitako cha mpini. Pale penye pete ya kamba, tarakimu hugawanyika pande mbili za pete, na herufi V huweza kukaa peke yake upande mmoja hata isionekane kuwa sehemu ya namba. Namba hiyo hiyo inapaswa kurudiwa kwenye uso wa nyuma wa silinda, chini ya mtutu mahali fito inapolala, na upande wa ndani wa kibao cha kulia cha mpini. Zikilingana zote, vipande havijabadilishwa. Kosa la pili ni la tarehe. Juu ya mtutu kuna tarehe za hataza, ya mwisho ikiwa Desemba 29, 1914, na familia nyingi zimeamini kuwa babu alipigana nayo Vita vya Kwanza. Hizo ni tarehe za kulinda uvumbuzi. Bastola yenye V haiwezi kuwa imetengenezwa kabla ya 1942.

Alama ndogo ndizo zinazoonyesha safari. "UNITED STATES PROPERTY" juu ya fremu huonyesha ilitolewa chini ya Lend-Lease, mpango wa Marekani wa kuwapa washirika wake silaha wakati wa vita. Herufi GHD ni za mkaguzi Guy H. Drewry. Mshale mpana ni wa Uingereza. Ukiwa ndani ya C ni wa Canada, ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Chapa za Australia na za polisi wa Bavaria baada ya vita zipo pia, na kuna wakusanyaji wanaozitafuta hizo kuliko nyingine. Kwa hiyo alama ambayo mrithi anaiona kuwa mkwaruzo wa kuchukiza yaweza kuwa ndiyo inayopandisha bei.

Kuna herufi moja ya kushughulikia kwa makini zaidi ya zote. Karibu na mwisho wa 1944 baharia wa Marekani aliuawa baada ya bastola ya Victory kuanguka sitahani na kujifyatua. Kizuizi cha nyundo kilikuwepo ndani, lakini grisi ya kuhifadhia iliyoganda ilikuwa imekizuia kufanya kazi. Wahandisi wa Springfield walibuni kizuizi kipya kwa muda mfupi sana, na bastola zilizokuwa nacho zikapewa namba zinazoanza na SV. Basi bastola yenye V peke yake, hasa iliyokaa miaka mingi bila kufunguliwa na ndani yake mafuta yamekuwa gundi, usiiamini ikiwa na risasi chini ya nyundo. Na hapa ndipo fundi anapostahili malipo yake. Bamba la ubavuni halichokonolewi kwa bisibisi. Baada ya skrubu kutolewa, fremu hugongwa polepole kwa mpini wa mbao mpaka bamba linyanyuke lenyewe kwa mtikisiko. Bamba lenye alama ya bisibisi ukingoni ni ushahidi wa mtu mwenye haraka, na mthamini huliona kabla hajakaa.

Kuhusu thamani, nina msimamo. Bastola ya Victory iliyo katika rangi yake ya kivita, ile ya kijivu iliyokolea isiyong'aa, vibao vya mpini laini vya mti wa wolinati visivyo na nembo, pete ya kamba ipo, namba zinalingana, vyumba havijaguswa, ina thamani kubwa kuliko ndugu yake aliyepakwa nikeli hata kama huyo wa nikeli anapendeza zaidi mezani. Wakati wa vita Victory haikutoka kiwandani ikiwa na nikeli. Kung'aa ni ushahidi wa kazi ya baadaye, na kadiri ilivyosuguliwa kabla ya kupakwa ndivyo chapa zilivyofifia. Iliyokatwa mtutu na kurefushwa vyumba inabaki kuwa kumbukumbu ya familia, na kumbukumbu ni kitu cha heshima, ila asije mtu akaahidiwa bei ya mkusanyaji. Kwa bei, angalia mauzo yaliyokamilika minadani, ya bastola ya hali ile ile. Bei wanazotaja wauzaji kwenye matangazo ni matumaini yao tu.

Utunzaji ni kazi ndogo, na madhara makubwa hutokea pale mtu anapofanya nyingi. Msasa usiguse. Dawa ya kuondolea kutu isiguse, kwa maana inaondoa rangi ya asili pamoja na kutu. Futa jasho la vidole kwa kitambaa cha pamba, pakaa utando mwembamba wa mafuta mepesi, hata mafuta safi ya cherehani yanafaa, kisha futa yaliyozidi yasije yakaingia kwenye mbao. Kutu ya juu juu hulainishwa kwa mafuta kwa siku kadhaa, kisha hukwanguliwa taratibu kwa kipande cha shaba nyekundu, ambayo ni laini kuliko chuma. Vibao vya mpini vipate nta, si mafuta. Silinda ifungwe kwa mkono wa pili, taratibu. Ile tabia ya sinema ya kuirusha kwa kifundo inaupinda mkono wa silinda, na vyumba vinaacha kulingana na mtutu.

Adui mkubwa ni ala ya ngozi. Familia huona ni heshima kuiacha bastola ndani ya ala yake ya kijeshi, na ndiyo njia ya haraka ya kuiharibu: ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na chumvi na asidi za kutengenezea ngozi hubaki humo kwa miongo. Kwenye hewa ya chumvi, iwe Florida au Mombasa, mstari wa kutu hujichora kwenye chuma pale pale mshono wa ala unapogusa. Vihifadhiwe karibu karibu, kila kimoja peke yake: bastola katika kabati la chuma lenye kufuli na vifuko vya kukausha unyevu, ala kwenye karatasi isiyo na asidi.

Mwisho ni karatasi. Smith & Wesson Historical Foundation hutoa barua, kwa malipo, inayoeleza bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini na kupelekwa kwa nani. Barua hiyo ina uzito mnadani. Hadithi ya mdomo haina, hata ikiwa ya kweli. Kwa hiyo nawaomba wazee walio hai bado na wenye silaha za aina hii kihalali: andikeni kwa mkono wenu mlivyoipata, mwaka gani, kutoka kwa nani, na fundi gani aliwahi kuifungua na alifanya nini ndani. Tieni tarehe na saini, muiweke karatasi hiyo pamoja na kibali. Na kama mnajua kwamba vyumba vilirefushwa, semeni hilo katika mstari wa kwanza.